Albamu za kopi ambazo bendi za Dodoma zinafaa kuzisikiliza

Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka linapoahirishwa mwishoni mwa Juni, hoteli na kumbi za Dodoma zinajaa watu, na bendi zinapata kazi. Wageni wanataka nyimbo wanazozijua, kwa hiyo bendi zinapiga kopi, yaani nyimbo za wanamuziki wengine, usiku kucha. Hilo halina ubaya wowote. Shida iko kwenye upigaji: ufunguo uleule wa kwenye rekodi, kasi ileile, kinanda kimewashwa mdundo wake wa kujiendesha, na mwimbaji anahangaika kumfuata mtu mwenye koo tofauti kabisa na lake. Msikilizaji analinganisha, na rekodi inashinda kila mara.

Wanamuziki wa soul na jazi wa Marekani walilikabili jambo hilihili miaka ya 1960. Kampuni za rekodi zilitaka albamu kwa haraka na nyimbo mpya hazikutosha, wakachukua nyimbo ambazo watu walikwisha kuzipenda. Waliofanya vizuri walishika nguzo moja ya wimbo, wakaibomoa na kuijenga upya, wakaziacha nguzo nyingine zisimame ili wimbo ujulikane. Wengine walishika kasi, wengine kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja), wengine mtu anayesema maneno. Albamu za aina hiyo ni nyingi. Hapa nazitaja zile ambazo bendi ya watu watano au sita inaweza kujifunza kitu na kukipeleka jukwaani wiki hiyohiyo.

Kwanza usikilizaji wenyewe. Spika ya simu haitoi besi, na katika soul besi ndiyo inayobeba wimbo, kwa hiyo ukisikilizia simu utadhani wimbo hauna kitu. Tumia sabufa, lakini rudisha kitufe cha besi katikati. Watu wengi wanakizungusha mpaka mwisho, besi inafunika kinanda na sauti za waitikiaji, na hapo ndipo ufundi mwingi umejificha. Sikiliza wimbo wa asili mara mbili, uandike mambo manne: ufunguo, kasi, mpangilio wa beti na kiitikio, na ala inayobeba sauti kuu. Kasi unaipata kwa kuhesabu mapigo ya sekunde 15 kisha unazidisha kwa 4. Ukimaliza, fungua kopi na uandike mambo hayohayo manne. Mstari ambao majibu yake yametofautiana zaidi ndiyo nguzo iliyobomolewa.

Anza na Hot Buttered Soul ya Isaac Hayes, ya mwaka 1969. Mazingira yake yanaeleza mengi. Kampuni ya Stax ya Memphis ilikuwa imepoteza haki za rekodi zake za zamani zilizobaki mikononi mwa Atlantic, ikaamua kutoa albamu 27 kwa mpigo ili ijaze ghala upya. Hayes, aliyekuwa mtunzi na mpiga kinanda wa nyuma ya pazia, akapewa uhuru wa kufanya anavyotaka. Akatoa nyimbo nne tu, na kati yake mbili ni kopi zilizowashangaza watu. Walk On By, wimbo wa Burt Bacharach na Hal David ambao Dionne Warwick aliuimba mwaka 1964 kwa muda usiofika dakika tatu, kwake unachukua dakika 12. By the Time I Get to Phoenix ya Jimmy Webb, iliyojulikana kwa sauti ya Glen Campbell na muda wake pia haufiki dakika tatu, inakwenda dakika 18 na sekunde 42.

Nguzo aliyoishika ni muda. Kodi za Walk On By bado unazitambua, maneno ni yaleyale, lakini kasi imeshushwa na kila ala imepewa nafasi ya kuingia peke yake. Wapigaji ni Bar-Kays: Willie Hall kwenye dramu, James Alexander kwenye besi, Michael Toles kwenye gitaa. Mwimbaji anachelewa kufika, na akifika anayaweka maneno nyuma kidogo ya pigo, kama mtu asiyetaka kuyasema. Mwishoni gitaa na kinanda vinaachiwa kwa dakika kadhaa. Mpenzi wa dansi atapaelewa hapo bila maelezo, kwani kazi yake ni ileile ya sebene: maneno yamekwisha, sasa ala ziseme.

Bendi ikitaka kujaribu njia hii, chukua wimbo unaojulikana sana wenye mapigo 100 au zaidi kwa dakika, uushushe mpaka 66. Gawanya mwanzo hivi: besi na dramu peke yao mizani 8, kinanda kiongezeke mizani 8, gitaa mizani 8, ndipo mwimbaji aingie. Kwa mapigo manne kila mizani, utangulizi huo unachukua karibu dakika moja na nusu. Ukumbini unatosha.

Yatakayoharibika ni haya. La kwanza ni kasi kupanda. Mpiga dramu akiona nafasi tupu kati ya pigo na pigo anaijaza, na kila akijaza anaharakisha. Ikifika beti ya pili mmesharudi 80. Dawa yake ni mkono wa kulia kuhesabu mara mbili ndani ya kila pigo kwenye hi-hati (zile sahani mbili za dramu zinazofungwa kwa mguu), kwa sauti ndogo, bila mbwembwe. Mazoezini weka programu ya simu ya kuhesabu mapigo ilie kwenye pigo la 2 na la 4 tu, besi na dramu wapige peke yao dakika kumi kabla wengine hawajagusa ala. La pili, kila mtu anapiga kwa nguvu zote kuanzia mizani ya kwanza, kwa hiyo wimbo unakosa pa kupanda. La tatu ni la mwimbaji: anayavuta maneno yaenee kwenye mizani nzima, na matokeo yake ni usingizi. Sikiliza Hayes anavyofanya. Anayakusanya maneno karibu karibu kama mtu anayeongea, kisha ananyamaza mpaka mizani inayofuata. Ukimya huo ni sehemu ya wimbo, msiuzibe.

Phoenix ina somo jingine. Kabla ya kuimba, Hayes anaongea kwa muda wa dakika nane hivi, kinanda kikishikilia kodi moja, besi ikirudia noti yake, na sahani ya dramu ikigongwa polepole. Anasimulia maisha ya mwanamume wa kwenye wimbo na mke wake, na kwa nini ameondoka, mpaka neno la kwanza la wimbo linapoanza tayari unamhurumia. Bendi zetu zina desturi ya mwimbaji kuongea juu ya muziki, lakini muda mwingi unakwenda kwenye kutaja majina ya waliokaa meza za mbele. Hadithi moja fupi, iliyoandikwa kabla, isiyozidi dakika mbili, inaufungulia wimbo mlango vizuri zaidi. Sharti ni moja: mpiga kinanda asibadilishe kodi mwenzake akiongea, maana sikio litadhani wimbo umeanza.

Mwaka huohuo wa 1969, mwezi Novemba, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam ukiuona ni wa kigeni mno kwa vijana. Haukufutika. Miaka ya 1970 bendi zetu ziliendelea kuuchanganya na dansi, na mmoja wa waliofanya hivyo kwa ustadi mkubwa ni Patrick Balisidya, mwana wa Mvumi hapahapa Dodoma, aliyeiongoza Afro 70 mpaka kwenye tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977. Sikiliza kinanda chake baada ya kumsikiliza Hayes, utasikia mwenyewe.

Albamu ya pili ya kukaa nayo muda mrefu ni My Favorite Things ya John Coltrane. Ilirekodiwa Oktoba 1960, ikatoka 1961, na nyimbo zake zote nne ni kopi: moja ya Cole Porter, mbili za George Gershwin, na ule uliobeba jina la albamu, wa Rodgers na Hammerstein, uliotoka kwenye igizo la muziki la 1959. Kwenye igizo hilo Maria anauimba na mkuu wa watawa; ni filamu ya 1965 iliyoufanya wimbo wa kuwatuliza watoto wanaoogopa radi. Coltrane aliupiga kwa saksafoni ya soprano kwa karibu dakika 14.

Nguzo aliyoibomoa ni kodi. Wimbo wa asili unabadilisha kodi mara nyingi. Coltrane na mpiga piano wake McCoy Tyner wanapiga sauti kuu kwanza ili ujue uko wapi, kisha wanafungua nafasi pana yenye kodi mbili tu zinazozunguka, E maina na F-sharp maina, besi ikirudi E kila mara. Uchezaji wote wa mmoja mmoja unafanyika humo. Baadaye mzunguko unageuka kuwa E meja na chumba chote kinapata mwanga, ingawa besi haijahama. Na kuna hila moja nzuri sana: ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayotaja mbwa na nyuki, ambayo kila anayeujua wimbo anaisubiri, ameiweka kando mpaka mwisho kabisa wa rekodi.

Mtu wa Dodoma ana faida hapa. Muziki wa ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, unakwenda kwa mzunguko mfupi unaojirudia, sauti za waimbaji zikiingia na kutoka juu yake, na rekodi za marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, zinaonyesha jinsi mzunguko mmoja unavyoweza kubeba dakika nyingi bila kuchosha. Sikio lililozoea hivyo halihitaji kufundishwa uvumilivu. Mdundo wa rekodi ya Coltrane nao ni wa tatu, ila mpiga dramu wake Elvin Jones haupigi kwa mtindo wa pigo zito moja na mawili mepesi. Anaugawa katika sita na kuyahamisha mazito. Mpiga dramu anayejua chakacha aanzie kwenye chakacha yake, aipunguze sauti, atafika karibu kuliko yule anayejaribu kuiga rekodi pigo kwa pigo.

Namna ya kuifanyia kazi: chagua wimbo wenye sauti kuu fupi inayokaa kichwani. Pigeni beti moja nzima kama ulivyo. Kisha mkubaliane kodi mbili zilizo jirani na kodi ya kwanza ya wimbo, mzunguko wa mizani 2, na mpigaji mmoja acheze juu yake mizani 32. Rudini kwenye beti. Ishara ya kurudi lazima iwe moja na ijulikane, kwa mfano kinanda kupiga noti ya juu mara tatu. Bila ishara, besi anarudi kwenye beti huku saksafoni bado iko kwenye mzunguko, na hakuna kelele mbaya kama hiyo. But Not for Me iliyomo kwenye albamu hiyohiyo iacheni kwanza. Humo Coltrane anapita kodi nyingi ngumu kwa haraka, na bendi changa ikianzia pale itakata tamaa.

Otis Blue ya Otis Redding, ya mwaka 1965, ilirekodiwa Memphis kwa sehemu kubwa ndani ya saa 24, tarehe 9 na 10 Julai. Nyimbo 11, na 8 ni za watu wengine, tatu kati ya hizo za Sam Cooke. Jambo la kuchukua liko kwenye Satisfaction ya Rolling Stones: kile kipande cha gitaa kinachojirudia kimehamishiwa kwenye tarumbeta na saksafoni. Kubadilisha ala inayobeba kipande maarufu ni mabadiliko rahisi kuliko yote na yanasikika papo hapo. Bendi isiyo na wapulizaji isikimbilie sauti ya tarumbeta iliyomo kwenye kinanda cha bei ndogo, kwani inasikika nyembamba na inaishusha bendi nzima. Lipe gitaa la rizimu kipande hicho, au waitikiaji wakiimbe bila maneno.

Ndani ya albamu hiyo kuna Respect, na humo Otis ni mwanamume anayerudi nyumbani akidai heshima. Februari 1967 Aretha Franklin aliuchukua, akaugeuza mdai akawa mwanamke, akaongeza pale anapotamka herufi za neno moja baada ya moja, na dada zake wakawa waitikiaji. Wimbo wa Otis haukuwa na sehemu ya katikati; hapa King Curtis anapiga saksafoni juu ya kodi zilizochukuliwa kwenye wimbo mwingine wa soul wa Sam & Dave, zikianzia F-sharp maina huku wimbo wenyewe uko C. Kwa hesabu ya darasani, kodi hizo hazina undugu na wimbo. Masikioni zinafanya wimbo uruke na kutua. Mpenzi wa taarabu anajua nguvu ya wimbo unaomjibu mtu. Basi mwimbaji wa kike akipewa wimbo wa kiume, asikimbilie kubadilisha mke kuwa mume tu. Ajiulize huyu mwanamke anataka nini, kisha apange upya beti ipi itangulie.

Hapa ndipo suala la ufunguo linapowashinda wengi. Mtafutie mwimbaji noti yake ya juu anayoweza kuishika mara kumi bila kukunja uso. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo. Panga ufunguo ili noti ya wimbo iwe chini ya ile ya mwimbaji kwa toni moja nzima, akiba ya usiku wa manane koo likichoka. Walimu wa kwaya watasema tu “doh ni F” na kazi imekwisha. Wimbo ukihama kutoka sauti ya kiume kwenda ya kike, mara nyingi unahama nusu toni nne hadi saba. Kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye kinanda kinasaidia, ila mpiga gitaa na besi hawana kitufe hicho, na mpiga kinanda akisahau kukirudisha sifuri, wimbo unaofuata unaanza kwa mgongano mbele ya watu. Ni salama zaidi kujifunza kodi za ufunguo mpya.

Kuna Modern Sounds in Country and Western Music ya Ray Charles, 1962. Nchi hii ina wapenzi wengi wa Jim Reeves, na kwao albamu hii ni zawadi: nyimbo 12 za kantri, zikapelekwa kwa bendi kubwa, fidla na kwaya. Kwenye I Can't Stop Loving You ya Don Gibson, iliyokaa namba moja Marekani wiki tano, kwaya ndiyo inayoongoza mstari na Ray anajibu. Waitikiaji wamekuwa waongozaji. Dodoma ina waimbaji wa kwaya wa kutosha, na wimbo wowote wa mapenzi wa polepole unaweza kugeuzwa hivyo kwa mazoezi ya jioni moja: sauti tatu zishike mstari, mwimbaji mkuu amwage yaliyomo moyoni kwenye nafasi iliyobaki.

Za ala bila maneno nitazipita haraka. McLemore Avenue ya Booker T. & the M.G.'s, 1970, ni albamu nzima ya kurudia Abbey Road ya Beatles iliyotoka mwaka uliotangulia; George Benson naye aliirudia albamu hiyohiyo mwaka huohuo. Ya Booker T. ndiyo ya kufundishia uunganishaji, kwani nyimbo 13 zimeshonwa katika vipande vitatu virefu na kimoja kifupi. Wimbo bila maneno unachosha kwenye beti ya pili, kwa hiyo kila beti ibebwe na ala tofauti. A Day in the Life ya Wes Montgomery, 1967, kwangu ina fidla nyingi kupita kiasi, lakini mpiga solo asikilize oktavu zake zilizopigwa kwa kidole gumba. Ukitaka kuzijaribu: waya wa 6 na wa 4, au wa 5 na wa 3, ziachane freti mbili, wa 4 na wa 2, au wa 3 na wa 1, ziachane freti tatu, kidole cha shahada kiuguse waya wa katikati usilie.

Bendi ikivuka jukwaa na kwenda studio, kumbuka kwamba wimbo una mwenyewe hata ukiugeuza vipi. Kurekodi na kuuza kopi kunahitaji kibali cha mwenye haki, na pa kuanzia kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Ya mwisho ni Live ya Donny Hathaway, 1972, iliyorekodiwa kwenye kumbi mbili ndogo. Kuna What's Going On ya Marvin Gaye, Jealous Guy ya John Lennon, na You've Got a Friend ya Carole King, ambapo watazamaji wanaimba kiitikio kwa sauti moja na Hathaway anawaachia. Hilo linapangwa. Ufunguo uwe chini, noti ya juu ya kiitikio isizidi D, la sivyo ukumbi utanyamaza kwa kushindwa. Mwimbaji aimbe kiitikio kizima mara moja kwanza, aache kipaza sauti kishuke mara ya pili, dramu abaki na hi-hati, gitaa anyamaze kabisa, kinanda kishike kodi ndefu ili watu wasipoteze noti. Wakiitika, warudie mara mbili, kisha bendi yote iingie kwenye pigo la kwanza la beti. Wasipoitika ndani ya mizani mbili, waitikiaji wa jukwaani washike wao mara moja na wimbo uendelee, bila mwimbaji kuwauliza watu kwa nini hawaimbi.